Barabara Iliyogawanywa Uani kwa Bi Zuhura

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi kule Johannesburg, mwanangu, mwaka uliofuata Kombe la Dunia, nilipovitandaza sakafuni vyombo vyangu vyote vya safari nikavitazama kwa fahari, kama mtu ambaye amekwisha kufika.

Nilikuwa nimepanga chumba uani kwa Bi Zuhura, mwanamke wa Pangani aliyeishi Turffontein miaka mingi, nyumba yake ikipakana na ukuta wa uwanja wa mbio za farasi. Kazi yangu ilikuwa ukarani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi kule Rosettenville, na stoo ilikuwa imenifunza kwamba kila kitu kina mahali pake. Nia yangu ilikuwa kuendesha baiskeli, peke yangu, kutoka mlango wa chumba kile mpaka mlango wa mama yangu Tanga. Nivuke Zimbabwe, nivuke Zambia, niipande Malawi, niingie nyumbani kwa daraja la Songwe.

Usidhani nilikwenda kichwakichwa. Miezi kadhaa nilikodi kompyuta mtaani nikapima vilima na mito kwenye ramani. Kila alfajiri nilijaza mawe mikobani nikapanda mpaka Observatory, kule juu kilimani, nikashuka nikizipima breki. Siku ile sakafuni palikuwa na tyubu za akiba, viraka na gundi yake, spoki nilizozifunga kando ya fremu, kipande cha mnyororo, raba za breki, chandarua, dawa za malaria, vidonge vya kusafishia maji na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nakala za pasipoti nilizificha sehemu tatu, moja nikaishona ndani ya mkanda. Tahadhari kabla ya hatari, nilijiambia, na nikajipa maksi zote.

Jambo moja tu sikulifanya. Sikumwambia mtu.

Wewe umezaliwa ugenini, pengine hulijui hili. Kwetu pwani safari haitangazwi. Wazee husema hasidi hana sababu. Ukitaja uendako kabla hujaondoka, jicho la mtu litatangulia kukungoja njiani. Na Johannesburg iliikoleza desturi hiyo. Baada ya mwaka 2008, wageni walipofukuzwa mitaani na wengine kuchomewa vibanda, kila mmoja wetu alijifunza kutosema anapolala wala anapokwenda. Kazini niliaga kwamba nahamia Durban. Mama sikumwambia chochote, maana nilitaka anione mlangoni tu, ghafla, nimejaa vumbi, apige kigelegele.

Basi nikiwa nimechuchumaa kati ya vyombo vyangu, mlango ukagongwa kwa kiganja.

"We Rajabu! Kila alfajiri nasikia chumba hiki kinalia tiki-tiki-tiki. Unafuga nini humo?"

"Hakuna kitu, Bi Zuhura. Shikamoo."

"Marahaba. Farasi wa ng'ambo ya ukuta katoroka kaja kujificha kwako?" Na kabla sijainuka alikuwa ameusukuma mlango.

Aliitazama baiskeli. Akavitazama vyombo vilivyopangwa mstari kwa mstari. Akavuta kigoda akakaa, akaanza kuniuliza kimoja kimoja, hiki cha nini, na hiki. Nami, kwa kuwa siri ilikwisha kufichuka, nikamweleza yote, na nikaeleza kwa madaha. Tyubu ikitoboka, hii hapa nyingine. Spoki ikikatika, hii hapa. Maji yakiwa machafu, vidonge hivi.

"Mashallah," akasema. "Duka zima. Na ukitoboka wewe?"

"Nina dawa, mama."

"Dawa humezwa na mwenye kauli. Nakuuliza siku umelala kando ya njia, huna kauli. Nani atakayekuja?"

Nikamwonyesha nakala za pasipoti, hata ile ya mkandani. Aliigeuzageuza, akanirudishia.

"Hii itawaambia jina lako. Sawa. Wakishalijua, wamwite nani?"

Mwanangu, Bi Zuhura alikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wakiwaosha maiti wetu wanaofia mji ule, na mambo hayo hakuyasema ovyo. Lakini siku ile alisema, taratibu, macho yake yakiwa kwenye gurudumu. "Tumewazika wawili ambao mama zao mpaka leo wanapika wakiwabakizia, maana hatukujua pa kuwapelekea habari. Mmoja alituaga anakwenda Cape Town. Aliponyamaza, tukamtafuta Cape Town. Tulipiga simu kila msikiti, kila gereji. Kumbe alikuwa kaelekea kaskazini, alale Musina, avuke mpaka asubuhi. Tulikuwa tunamtafuta kwa bidii, Rajabu, tumempa mgongo."

Neno Durban likaniwaka ulimini.

"Leo alasiri chama cha kuzikana kinakutana hapa kwangu," akasema akiinuka. "Utasimama, utaaga."

"Mama, watu wengi vile… na macho ya watu…"

"Macho gani? Nani akuhusudu wewe, mtu unayekwenda Tanga kwa kukanyaga na basi lipo?"

Akatoka akicheka peke yake. Mimi sikucheka. Nilikaa nikiwaza kwamba safari yangu imeharibika.

Alasiri watu wakajaa uani. Chama kile kilikuwa cha Watanzania, lakini shida haina kabila, na kwa muda mrefu kilikwisha kuwa cha kila asemaye Kiswahili. Alikuwapo Papa Ilunga, kinyozi wa Yeoville, mtu wa Lubumbashi. Alikuwapo Njoroge, Mkenya wa benki kule Sandton, aliyekuja na gari na viatu vinavyong'aa lakini mchango wake haukuchelewa hata mara moja. Alikuwapo Mama Nadine, Mrundi, muuza makoti ya mitumba, na binti yake Nadine aliyekuwa ameinamia simu. Ng'ambo ya ukuta farasi walikuwa wakikimbia siku hiyo, na kila baada ya muda kelele za watu zilipanda zikatufunika, tukanyamaza mpaka zipite.

Nilisimama. Niliwaomba radhi, kama ilivyo ada ya mwenye kusafiri, kwa neno lolote nililowakosea. Kisha nikasema naenda wapi, na kwa chombo gani.

Walicheka, mwanangu! Papa Ilunga, ambaye baiskeli kwao huitwa velo, alipiga paja. "Eish! Na velo mpaka kule, petit? Wewe njo kichaa kabisa!" Mwingine akasema wanifunge kamba mpaka akili zirudi. Nilisimama nikitabasamu kama mtu anayenyeshewa.

Kisha Njoroge akaweka kikombe chini. "Boss, si kwa ubaya. Mimi Jumapili naendesha baiskeli na wenzangu, na ile barabara ya kaskazini naijua. Malori hayana huruma, na pembeni pengine hakuna hata nafasi ya mbwa kupita. Toka mjini na basi, baiskeli juu. Anza kukanyaga ukishaipita Polokwane. Na utafute bima ya kukubeba ukiumia nchi ya watu. Hiyo nitakusaidia mimi, hauondoki bila hiyo."

Nikakubali kwa kichwa. Bado nilidhani ni maneno ya watu wa benki.

Papa Ilunga akaacha kucheka. "Mikoba yako ni ya rangi gani?"

"Buluu," nikajibu. Nilikuwa nimeinunua mipya, nikaipenda rangi yake.

"Toa. Kule unateremka kwenda Chirundu, bonde la Zambezi, kuna mbung'o. Ule mdudu anapenda buluu na nyeusi kuliko mke wake. Atakufuata mpaka mutoni. Weka rangi ya mchanga." Akasogeza kiti mbele. "Na pale haupite na velo. Tembo wanakatiza barabara saa wanataka. Mbele ya mteremko kuna kizuizi, malori yote yanasimama. Omba lori. Miye nilipita pale kwa miguu na wenzangu, siku ile tulikuwa wanne." Hakusema walifika wangapi, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Maana hiyo nayo ilikuwa desturi yetu. Mkimbizi haulizwi alifikaje. Mama Nadine nilikuwa namjua miaka mingi. Koti nililokuwa nimelivaa siku ile nililinunua kwake. Ukimgusia safari yake ya kuja, jibu lake lilikuwa moja, "Tulikuja tu," na mkono wake ulirudi kukunja nguo.

Siku ile alijikohoza. "Utapita Malawi ukingo wa ziwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi utaushuka mlima wa Chiweta. Mimi niliupanda." Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi tuiname kumsikia. "Ni kona juu ya kona. Wewe utashuka, utasikia raha, na ile raha ndiyo mbaya. Breki zitapata moto. Simama kila kona pana, uzipoze. Ukungu ukiwa umefunga, usishuke, kaa juu hata siku nzima. Nyani wa pale wanapora chakula mkononi, kifunge. Sisi tuliupanda siku mbili. Nilikuwa na ndoo kichwani, na huyu mgongoni, ana homa."

Akamwonyesha Nadine kwa kidevu.

Nadine aliinua uso. Kiswahili alikisikia lakini hakukisema. Akamuuliza mama yake kitu kwa Kizulu, neno moja au mawili, simu ikiwa imesahauliwa mapajani.

"Wewe," Mama Nadine akamjibu kwa Kiswahili. "Nani mwingine?"

Kelele za farasi zikapanda ng'ambo ya ukuta, kubwa kuliko zote za siku ile. Hakuna aliyegeuza shingo. Tulingoja tu zipite ili yule mama aendelee.

"Chini, ukifika ziwani, kijiji cha kwanza, omba maji kwa wanawake wa kisimani. Usiombe kwa wanaume wanaokaa barazani kwa duka. Waambie umetumwa na mama aliyepita na mtoto wa homa, anawasalimia. Hawatanikumbuka. Lakini uwaambie."

Fikiria, mwanangu. Nilikuwa nimelipa kompyuta ili niuone mlima, na mwenye kuupanda alikuwa akinipimia koti mabegani. Nilikuwa nimehesabu umbali wa bonde la Zambezi, na aliyelivuka kwa miguu alikuwa akininyoa kichwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Barabara yangu yote ilikuwa imekaa pale uani ikinywa chai, kila mtu ana kipande chake, hakuna mwenye nzima. Mmoja alianza pale mwenzake alipoishia, na nilipoviunga vipande vyao akilini vilitoka ukuta wa Turffontein vikanifikisha mpakani kwetu. Na ningeondoka nisiwaage, kwa kuogopa macho yao!

Bi Zuhura alikuwa hajamaliza. Aliniagiza niitoe simu, nimpigie mama pale pale, na sauti aliifungulia wote wasikie. Nikamwambia mama nakuja, na nakujaje.

"Kwa baiskeli?" mama akasema. "Kwani nauli imekushinda?"

Uani pakaangua kicheko. Lakini mama hakucheka. "Sasa mimi nitalala vipi, Rajabu? Bora usingeniambia."

Bi Zuhura akaisogelea simu. "Dada, mimi ndiye niliyemlazimisha. Wasiwasi utakuwa nao, sikudanganyi. Lakini sasa unajua pa kuuelekeza."

Mama akavuta pumzi. Kisha akasema, "Radhi zangu unazo, mwanangu. Na huyo dada mwambie asante."

Wakapanga jambo moja dogo mno. Kila jioni nitambipu Bi Zuhura. Hatapokea, sitatumia senti. Simu ikilia tu, atajua nimelala salama. Ikipita jioni moja kimya, atangoja, maana mitandao ya porini ni kama paka, huja ikitaka. Ikipita ya pili, Papa Ilunga atampigia shemeji yake Lusaka, Mama Nadine ana watu wake Malawi, kila mmoja kwa kipande chake. Jina la kila mji nitakaolala wataambiwa mapema. Nikaahirisha kuondoka mpaka bima ya Njoroge ikatoka. Mikoba ya buluu nikamwachia jirani, nikapata mikuukuu ya rangi ya kaki.

Asubuhi ya kuondoka Bi Zuhura aliinua msahafu mlangoni nikapita chini yake, na Mama Nadine, ambaye ni mtu wa kanisa, akanishika kichwa akaniombea kwa Kirundi. Sikuelewa neno hata moja. Nilitamani asimalize.

Safari yenyewe nitakusimulia siku nyingine ukitaka. Leo nataka ujue mambo mawili tu yaliyonikuta.

La kwanza ni bonde la Zambezi. Niliomba lori kizuizini, kama nilivyoagizwa, na moyoni nilinung'unika kwamba nadanganya safari yangu. Jua likielekea kuzama dereva akazima injini katikati ya lami. Mbele yetu walikuwa wamesimama tembo, wakubwa kwa wadogo, wameifunga barabara pande zote mbili, hawana haraka na mtu. Mmoja alitugeukia akatandaza masikio. Mimi nilikuwa ndani ya lori lenye milango ya chuma. Kwa ramani yangu ya kompyuta, saa ile ningekuwa pale juu ya kiti cha baiskeli.

La pili ni mashariki ya Zambia, kabla ya Chipata. Homa ilinishika njiani, nikajikokota mpaka nyumba ndogo ya wageni, nikaanguka kitandani na nguo zangu. Dawa nilikuwa nazo. Nilizimeza nikazitapika. Simu ilizima, na sikuwa na nguvu za kuinuka kuomba umeme. Mwenye nyumba alidhani nimechoka, akaniacha nilale. Nilikuwa nikipanda na kushuka katika homa ile, siujui usiku wala mchana, nikasikia mtu anabishana barazani, kisha mlango ukafunguka akasimama mwanamume nisiyemjua, ana vumbi la basi mpaka kwenye nyusi.

"Wewe njo Rajabu wa Bi Zuhura?" akauliza.

Alikuwa shemeji wa Papa Ilunga. Alipanda basi Lusaka, na kila kituo alishuka akauliza kama wamemwona mtu mwenye baiskeli na mikoba ya kaki. Hakuwa ndugu yangu. Hakuwahi kuniona. Aliniweka mgongoni akanitoa nje, akanifikisha zahanati nikatundikiwa maji, na mganga akasema kama ningelala vile siku moja zaidi asingeahidi kitu. Yule mtu alikaa nami mpaka nilipoweza kunywa uji, kisha akapanda basi kurudi kazini kwake. Kilichomleta, mwanangu, ni simu ambayo haikulia Turffontein.

Nilifika Tanga. Mama alikuwa mlangoni amesimama tangu asubuhi, anajua natokea upande gani. Ile furaha ya kumshtua sikuipata, na sikuitamani tena.

Sasa nyinyi vijana mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na nasikia wengi mnapenda kuvuka nchi za watu peke yenu juu ya magurudumu mawili. Nendeni. Sitakuwa mzee wa kuwazuia. Dunia ni pana na aliyeiumba hakuiumba ifungiwe. Lakini kabla hujafunga mkoba, mwanangu, aga. Aga kwa jina la njia utakayopita, si kwa jina la uongo, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha njia hutafutwa kusiko. Hasidi yupo, sikatai, lakini hasidi mmoja asikufanye uwafiche watu ishirini wanaokutakia heri. Mchague mtu mmoja wa kungoja ishara yako kila jioni, naye umwambie afanye nini ishara ikikosekana, na ahadi hiyo usiivunje hata kama umechoka vipi. Nunua bima, chanja, beba dawa. Ukiambiwa hapa panda lori, panda. Safari haipungui kwa kipande ulichobebwa. Na kabla ya kuiuliza ramani, wazunguke waliokuzunguka. Muuza mitumba, mnyoaji, mfagiaji, huenda mlima unaouogopa wameupanda na mtoto mgongoni. Waulize kwa adabu. Asiyetaka kusema, mwache na kimya chake. Anayesema, inama umsikie.

Mungu akutangulie njiani na abaki nyuma kwa unaowaacha. Akupe breki zinazoshika na maji pasipo na maji. Kila mji utakaoingia, akuwekee mtu mmoja wa kukuuliza jina. Na mama yako, popote alipo, asikae hata jioni moja asijue uso wake auelekeze wapi. Amin.